Miezi 14 kwenye ramani ya Google: uzoefu wa mwalimu wa mazoezi anayejitegemea South B, Nairobi

Mama mmoja wa South C alinipigia simu mwezi Januari, na salamu hazijaisha akaniuliza, "Ni wewe uliyemfundisha yule mama kuinuka kitini bila kushika meza?" Nikamwambia ni mimi. "Basi na mimi nataka hivyo hivyo, mwalimu. Magoti yamenishinda." Alikuwa hanijui na hakuna mtu aliyemwelekeza kwangu. Alitafuta kwenye simu yake mwalimu wa mazoezi wa kike anayekuja nyumbani, jina langu likatokea kwenye ramani ya Google, na chini ya jina akasoma maneno machache ya mteja wangu mwingine. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya apige.

Nimetumia wasifu wa biashara wa Google, yaani ukurasa wa biashara yako unaoonekana kwenye Google na kwenye ramani yake, kwa miezi 14 sasa. Wenzangu tunaofundisha bila kuajiriwa na jimu huniuliza, kila tunapokutana Uhuru Gardens Jumamosi, kama kweli unaleta wateja. Unaleta. Ila hauleti kwa njia ambayo watu huahidiwa, na mimi nilitoa pesa zangu kabla sijaelewa hilo.

Kwanza mjue nilikotoka. Korona ilipofunga jimu mwaka 2020 nilianza kufundisha kina mama wanne wa ploti yetu kwenye maegesho ya magari, mikeka imetandikwa juu ya saruji. Jimu zilipofunguliwa sikurudi kuajiriwa. Wateja walikuja kwa kuambiana, na kuambiana ni kuzuri, lakini mmoja akihama na mwingine akijifungua, mwezi unayumba na kodi ya nyumba haingoji. Nikaweka nguvu zangu Instagram. Nikapata wafuasi Mombasa, Eldoret, hata Arusha. Walinitia moyo sana, na bado nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuwa na mimi South B saa kumi na mbili asubuhi. Mtu anayetaka mwalimu wa kuja kwake humtafuta siku ile ameamua, pengine ametoka kwa daktari akaambiwa sukari imepanda. Anatafuta wa karibu, na anataka kumpata papo hapo.

Wasifu wenyewe ni bure. Zamani uliitwa Google My Business, jina likabadilishwa mwaka 2021, na programu yake ya simu ikaondolewa mwaka uliofuata, kwa hivyo msihangaike kuitafuta. Unaingia kwenye Google au kwenye ramani yake kwa akaunti yako na kurekebisha mambo humo humo.

Kilichonifurahisha zaidi mwanzoni ni kwamba naruhusiwa kuficha anwani. Mimi sina duka wala ukumbi, nawafuata wateja, na vifaa vyangu viko ninapoishi na watoto wangu. Sikutaka mtu yeyote mwenye simu ajue geti langu. Ukichagua kuwa biashara inayomfuata mteja, Google inaonyesha mitaa unayohudumia tu, na nyumba yako haionekani.

Hata hivyo lazima uthibitishe kwamba upo, na hapo ndipo wengi hukwama. Mimi niliombwa video moja isiyokatwa, inayoonyesha mahali nilipo, vifaa vya kazi, na kwamba biashara ni yangu. Nilianzia barabarani chini ya kibao cha jina la barabara, nikazungusha simu ili maduka ya jirani yaonekane, nikaingia getini (mlinzi akanisalimu, sauti yake imo), nikapanda ngazi hadi stoo yangu ndogo. Simu nimeishika mkono wa kushoto, wa kulia unafungua kufuli. Ndani nikaonyesha mikeka sita iliyoviringishwa, vyuma vya kilo 4 na kilo 8, mipira ya kuvuta, fulana yenye jina la biashara, na leseni ya biashara ya kaunti iliyobandikwa ukutani. Mara ya kwanza simu iliita katikati, rekodi ikakatika, nikarudi tena hadi barabarani. Zimeni laini kabla ya kuanza. Msionyeshe kitambulisho wala namba ya akaunti ya benki, hawavihitaji. Majibu huweza kuchukua hadi siku tano za kazi, na yangu yalikuja siku ya tatu.

Mwezi ukapita, nikapata simu mbili. Nikakosa subira. Nikampa kazi jamaa wa kampuni moja ya matangazo, shilingi 15,000, naye akaniahidi kwamba nitakuwa wa kwanza Nairobi nzima ndani ya siku 30. Alichukua jina langu la biashara akalirefusha: jina, halafu kupunguza uzito, halafu jimu bora Nairobi, halafu mitaa sita. Ndani ya siku mbili nikawa na maoni 11 ya nyota tano kutoka kwa watu nisiowajua. Mmoja alisifu mashine zangu za kukimbilia. Mimi sijawahi kumiliki mashine hata moja. Iliniuma kuyasoma, kwa sababu juu yake kabisa palikuwa na maoni ya kweli ya mteja wangu wa kwanza, na sasa nayo yalionekana kama ya kununuliwa.

Wiki ya tatu wasifu ukasimamishwa. Nikaandika jina langu kwenye ramani, sipo. Jamaa hakupokea simu tena.

Kanuni ziko wazi, laiti ningezisoma mapema: jina liwe lile unalojulikana nalo kwenye kibao na karatasi zako, bila maneno ya kujisifu wala orodha ya mitaa, na maoni yatoke kwa watu waliohudumiwa kweli. Nililirudisha jina liwe sawa na cheti cha usajili wa jina la biashara nilichopata kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, herufi kwa herufi. Maoni ya uongo nikayaripoti moja baada ya jingine. Kisha nikakata rufaa. Angalieni hapa: ukishatuma fomu ya rufaa unapewa dakika 60 tu za kuambatisha ushahidi, kwa hivyo cheti, leseni na bili ziwe tayari kwenye simu kabla ya kubonyeza chochote. Nilirudishwa. Zilikuwa wiki mbili ndefu.

Baada ya hapo nikakaa chini kujifunza jambo lenyewe linavyofanya kazi. Google yenyewe inasema inapanga majibu ya karibu kwa mambo matatu: unalingana kiasi gani na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Huo umbali ndio uliofanya ahadi ya jamaa isiwezekane tangu mwanzo. Rafiki yangu anafanya kazi Westlands. Nilimwomba atafute mwalimu wa mazoezi akiwa ofisini kwake. Hakuniona. Jioni hiyo alipita kwangu, akatafuta kwa maneno yale yale akiwa amesimama karibu na maduka ya South B, nikatokea wa pili. Ni simu ile ile na siku ile ile.

Mtu anaruhusiwa kuorodhesha hadi maeneo 20, yasizidi mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka alipo. Niliwahi kuongeza Karen na Runda nikitumaini wateja wa huko, hakuna kilichobadilika. Nikayatoa. Nimebaki na South B, South C, Nairobi West na Imara Daima, kwa sababu hapo naweza kumaliza wateja watatu kabla ya saa tatu asubuhi bila kupoteza alfajiri yangu kwenye matatu.

Kwenye aina ya biashara nilikuwa nimejiandika jimu. Nikabadilisha aina kuu ikawa mkufunzi binafsi wa mazoezi. Kabla ya hapo watu walikuwa wananiuliza ada ya mwezi na kama kuna bafu. Unaweza kuongeza aina nyingine hadi tisa, lakini mimi niliongeza mbili tu ninazofanya kweli. Saa za kazi niliziandika kwa vipindi viwili, alfajiri na jioni, kwa sababu mchana ninalea na kupumzika, na sitaki mtu apige saa saba akidhani nipo.

Sasa maoni ya wateja, ambayo kwangu ndiyo moyo wa huduma hii. Mteja wangu wa Plainsview ana miaka 68. Tulipoanza alikuwa anaweka viganja viwili juu ya meza, anahesabu moja mbili tatu, ndipo anainuka. Tulifanya kazi na kiti hicho hicho cha jikoni, kwanza kikiwa na mito miwili juu yake, kisha mmoja, kisha bila mto, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Ilichukua wiki tisa. Siku alipoinuka mwenyewe alisimama pale kimya, akakaa tena, akainuka tena, akamwita binti yake atoke chumbani aje aone. Nilimtumia linki ya kuandika maoni kwa WhatsApp jioni hiyo. Sikumwambia aandike nini. Akaandika mistari miwili kwa Kiswahili, na ndani yake maneno yale ya kiti na meza.

Google huchukua vipande vya maoni kama hivyo na kuvionyesha chini ya jina lako mtu anapotafuta jambo linalofanana nayo. Nyota tano zenye neno "safi" peke yake zinapendeza, nami nazishukuru, lakini kiti na meza vimeniletea wateja wanne wenye magoti. Kwenye ripoti ya wasifu naona maneno ambayo watu waliyatumia kunipata. Mengi ni ya Kiingereza, "personal trainer near me" na mengine ya namna hiyo, lakini ya Kiswahili yapo na yanazidi, na maelezo yangu sasa nimeyaandika kwa lugha zote mbili. Nafasi ni herufi 750, inatosha ukiacha maneno ya kujipamba.

Nilitaka kumpa kila anayeandika kipindi kimoja cha bure, kama asante. Hairuhusiwi, zawadi au punguzo kwa ajili ya maoni ni kuvunja kanuni. Vilevile huwaombi wale tu unaojua wamefurahi. Kwa hivyo naomba wote. Mmoja alinipa nyota mbili kwa sababu nilichelewa mara mbili wiki ya mvua kubwa, na alisema kweli. Nilimjibu pale pale hadharani, nikamwomba radhi, nikaeleza kwamba nimeacha nafasi ya nusu saa kati ya mteja na mteja. Maoni yake bado yako pale. Dada mmoja wa Nairobi West aliniambia jibu hilo ndilo lililomfanya aniamini.

Kuhusu picha, nasema kwa uzito wote: ombeni idhini ya maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Picha za tumbo la jana na tumbo la leo zinavutia, lakini ni mwili wa mtu. Wateja wangu wengi South C ni kina mama wa Kiislamu wanaojisitiri, na wamenifungulia milango yao kwa sababu mimi ni mwanamke. Siwezi kuwalipa kwa kuwaanika. Picha zangu zinanionyesha mimi, mikeka, vyuma, na mteja mmoja kwa mgongo aliyetia sahihi.

Kuna yasiyonipendeza. Namba yako ikiwa wazi utapigiwa usiku na wanaume ambao hawatafuti mazoezi. Nina laini ya pili kwa ajili ya kazi, na mteja mpya tunaonana kwanza mchana, mahali penye watu, kabla sijaingia nyumbani kwake. Kipengele cha kuandikiana ujumbe ndani ya wasifu kiliondolewa Julai 2024, na tovuti za bure zilizokuwa zikitengenezwa humo zilizimwa Machi mwaka huo huo, kwa hivyo kwangu kila kitu kinaanza kwa simu. Na kama unafundisha kwa video tu, huduma hii si yako: kanuni zinataka biashara inayokutana na wateja ana kwa ana. Mwenzangu mmoja hufundisha ndugu zetu walio Ughaibuni kupitia Zoom, na nilimshauri asijisajili.

Kwa sasa, katika wateja wangu 13, saba walinipata kwenye ramani, na wote nawafikia kwa miguu au kwa boda ya dakika kumi. Huduma hii nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile simu za usiku.

Yule mama wa South C naye ameandika maoni yake wiki iliyopita. Aliyaandika kwanza kwa kalamu kwenye daftari, kisha mjukuu akamwonyesha pa kubonyeza. Ameandika kwamba sasa anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili akiwa na pakiti ya unga mkononi. Jana asubuhi kuna baba amenipigia kutoka Imara Daima, mkewe amefanyiwa upasuaji wa nyonga na daktari amemruhusu kuanza mazoezi. Aliniuliza kuhusu ngazi.