Mazda CX-5 nyekundu ya 41V baada ya ajali: uzoefu wangu wa kuipigia rangi Tabora

Gari ni CX-5 ya kizazi cha kwanza, limegongwa pembe ya mbele kushoto: fenda, bampa, taa, ukingo wa boneti, na mlango wa mbele umechubuka. Chesisi ilipimwa ulalo kwa ulalo ikakutwa sawa, kwa hiyo kwa upande wa bodi si ajali ya kutisha. Kazi ilikuwa kwenye rangi. Ni ile nyekundu ya Mazda yenye namba 41V, ambayo Tabora huioni mara nyingi, na mafundi wengi ukiitaja wanakwambia "tutaikaribia". Hapa natathmini huduma mbili: duka la Dar es Salaam lililochanganya rangi kwa namba, na gereji ya Isevya, hapa Tabora, iliyoipiga.

41V ilianza kuuzwa mwaka 2012 na ina tabaka tatu. Chini kuna rangi yenye chembe za alumini zinazorudisha mwanga, katikati nyekundu nyepesi inayopitisha mwanga, juu klia, yaani tabaka la kung'arisha lisilo na rangi. Jua linapenya nyekundu, linagonga alumini, kisha linarudi likipita kwenye nyekundu mara ya pili. Ndiyo maana gari likiwa juani linawaka na likiwa kivulini linaelekea damu ya mzee. Kwa hiyo wekundu wake hautoki kwenye kopo tu. Unatoka pia kwenye unene wa tabaka la kati. Ukizidisha mkono mmoja (kuipaka rangi sehemu nzima mara moja), fenda inakuwa damu ya mzee hata saa sita mchana. Ukipunguza, inabaki imepauka pembeni ya mlango wake.

Usiichanganye na 46V, iliyokuja na CX-5 ya kizazi cha pili kuanzia mwishoni mwa 2016. Ni rangi nyingine kabisa, na ukiagiza "nyekundu ya Mazda" bila kutaja namba unaweza kuletewa hiyo. Soma kibati chenye namba ya rangi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kipige picha, utume picha.

Duka la kuchanganya rangi ninalipa nyota nne kati ya tano. Walichofanya vizuri ni kusema mapema kwamba namba moja ina fomula zaidi ya moja, kwa sababu hata kiwandani rangi hupishana kidogo, wakachanganya kiasi kidogo cha mbili ili tulinganishe kwanza. Hilo ndilo la kudai popote utakapoagiza. Mashine ya kusoma rangi ina msaada kwa silva au bluu ya kawaida. Kwa tabaka tatu haikwambii ile nyekundu ya kati ilipigwa mikono mingapi. Nyota moja nimeikata kwa sababu hadna (dawa ya kugandisha klia) waliyofunga ilikuwa ya haraka, ya maeneo ya baridi. Kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba inakausha klia kabla haijatulia, na uso unabaki na vinundu kama ganda la chungwa. Ikabidi ibadilishwe.

Kwa fenda, bampa, boneti na mlango tulitumia lita moja ya rangi ya chini, lita moja ya kati, na lita moja na nusu ya klia kwa robo tatu lita ya hadna, yaani mbili kwa moja. Thina, ya kuifanya rangi iwe nyepesi, chukua ya kampuni ileile ya rangi, aina ya kukauka taratibu. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ioshee bunduki ya kupigia rangi tu. Na mzigo huu unashika moto: usiufiche kwenye buti la basi la abiria, tafuta lori la mizigo na uwaambie kilichomo. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800.

Fenda ya mtumba yenye rangi ileile inapatikana Ilala ukivumilia, lakini usidhani umeepuka kupiga rangi. Imepaushwa na jua lake, si jua la gari lako. Inunue kwa sababu bati ni la kiwandani na halina puti, ile ya kusawazishia mabonde. Puti juu ya bati lililokunjwa ikizidi milimita chache hupasuka kwa mtikisiko wa barabara, na ufa unatokea hadi kwenye klia.

Gereji nayo naipa nne, na sababu kubwa ni kwamba fundi rangi alikubali kupiga vibati vya majaribio. Ukikutana na fundi anayeona hilo ni kupoteza muda, chukua gari lako uondoke. Vibati vinne vinapigwa rangi ya chini kwa namna moja, halafu ya kati: cha kwanza mkono mmoja, cha pili miwili, hivyo hadi minne. Kisha nusu ya kila kibati inapigwa klia, maana bila klia rangi inadanganya. Unavishika kwenye bati la mlango lisiloharibika, nje, asubuhi, ukitazama uso kwa uso na kwa kuinamisha. Kwetu kilichokubali kilikuwa cha mikono mitatu. Kwako kinaweza kuwa kingine, kwa sababu kinategemea fundi, bunduki na presha.

Maandalizi nayataja kwa haraka: puti msasa namba 80 kisha 180, praima (rangi ya msingi) msasa 320, kabla ya rangi 600. Mlango ambao unafifishiwa tu, yaani rangi mpya inapungua taratibu juu ya ile ya zamani, 800 hadi 1000. Bampa la plastiki lioshwe kwa sabuni na lipigwe praima ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kupiga kwenyewe ndiko kulikohitaji utulivu. Bunduki ya mdomo wa milimita 1.3, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila pito likifunika nusu au zaidi ya lililotangulia. Rangi ya chini ikipigwa mbichi sana alumini inajikusanya na unapata mawingu. Dawa yake ni mkono wa mwisho mkavu kidogo, bunduki ikiwa mbali zaidi na presha imepungua. Kwenye ya kati tatizo ni mistari, hasa kompresa ndogo ikiishiwa pumzi katikati ya boneti. Tulichojifunza kwa fundi huyu: mkono mmoja anapita kwa urefu, unaofuata kwa upana.

Ya kati haipigwi msasa, hata kidogo. Ukiigusa unaipunguza, na pale patabaki doa jepesi ambalo klia italing'arisha zaidi. Vumbi likiingia kwa wingi unarudi hadi rangi ya chini. Kwa hiyo sakafu inamwagiwa maji, na kazi inaanza alfajiri kabla upepo wa kiangazi haujaamka.

Kwenye mlango rangi ya chini iliishia sentimita chache tu kutoka kwenye fenda, ya kati ikavuka mbali zaidi ikififia, na klia ikafunika mlango mzima hadi mwisho. Klia ikikatizwa katikati ya bati, baada ya muda mstari wake unaonekana. Klia hii ina kemikali mbaya kwa mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Gereji ilikuwa na barakoa moja tu yenye vichujio, msaidizi akabaki na leso. Nyota moja imeondoka hapo.

Matokeo: fenda na mlango huwezi kuzitofautisha. Bampa likitazamwa kwa kuinamisha linaonekana jeusi kidogo, jambo la kawaida kwa plastiki. Gari limebaki na rangi iliyoandikwa kwenye kadi, hivyo halihitaji marekebisho ya usajili. Wiki za mwanzo usiliegeshe chini ya mwembe, na mji huu umejaa miembe: utomvu na kinyesi cha ndege vinakula klia ambayo haijakomaa.

Rangi iliyobaki, ya chini na ya kati, dai upewe. Iwekwe kwenye makopo madogo yaliyojaa hadi juu na kufungwa vizuri, juu ya kifuniko iandikwe fomula na idadi ya mikono. Kibati kilichokubali kifungwe pamoja nayo. Klia iliyokwisha kuchanganywa na hadna mwachieni fundi. Kesho yake ni jiwe.