Bokashi kwenye nyanya zangu: msimu mmoja hapa Ilula

Nyanya nimelima miaka mingi hapa Ilula, Iringa, kwa mbolea za chumvichumvi: DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia. Msimu uliopita nilitenga matuta manane nikayapa bokashi tupu, mbolea ya kuvundika ya samadi na mabaki ya mimea.

Viroba vya kwanza nilinunua, na hapo ndipo nilipoumia. Kufungua tu, mvuke ukanipiga usoni na ukali wa samadi ya kuku ukanikaba koo. Nikadhani ndivyo ilivyo. Nikaitia mashimoni, kesho yake nikahamishia miche. Siku ya nne majani yakaanza kuungua pembeni. Nikang'oa mche mmoja, mizizi ya kahawia, imesinyaa. Mbolea ilikuwa haijaiva. Zaidi ya miche mia ilikufa, na kitalu kile nilikilea kwa mikono yangu.

Nikavundika yangu: samadi ya kuku, pumba za mpunga, udongo wa msituni, vumbi la mkaa, majivu kidogo, kisha molasesi na hamira kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yasizidi: ukifinya, donge lishikane bila kuchuruzika. Siku za mwanzo lundo linachemka hasa, mkono hauvumilii ndani, kwa hiyo nililigeuza asubuhi na jioni. Baada ya majuma matatu lilikuwa limepoa, jepesi, lina utando mweupe na harufu ya udongo wenye uchachu kidogo wa togwa.

Viganja viwili kila shimo, nikachanganya na udongo, nikasubiri siku 10 ndipo nikapanda miche ya nyanya aina ya Tanya. Zilipoanza kutoa maua nikaongeza kiganja kimoja.

Mwanzoni zilikwenda taratibu kuliko za chumvichumvi, na mchumo wa kwanza ulichelewa kama wiki. Lakini udongo ulishika maji! Matuta mengine yalidai maji kila baada ya siku mbili, haya yalifika tatu. Kitako cheusi, kinachotokea mmea usipopata madini ya kalisi sawasawa kwa sababu ya maji ya kubahatisha, nilikiona kwenye matunda machache sana. Na nyanya zilifika sokoni ngumu, hata za chini ya tenga.

Kantangaze (mdudu anayetoboa majani ya nyanya) haizuiliki kwa mbolea hii, msidanganywe. Ilinishambulia vilevile, nikahangaika na mitego na kuchuma majani yaliyotobolewa.

Msimu huu nimeiweka shamba zima. Nikipungukiwa nikanunua ya mtu, nitazamisha mkono kwanza mpaka katikati ya kiroba. Ikiwa ya moto, siichukui.