Uzoefu wangu: Nairobi mpaka Ukunda peke yangu kwa siku moja (treni ya Madaraka, matatu na feri ya Likoni)

Nimerudi Tanga juzi na nimeona niandike hii nikiwa bado naikumbuka vizuri, maana kabla ya safari nilitafuta sana mtu aliyeeleza kwa Kiswahili jinsi ya kutoka Nairobi mpaka pwani ya kusini ukiwa mwanamke, peke yako, na huna gari la kukodi, sikumpata. Wengi wanaishia kwenye treni, picha ya kiti, picha ya dirisha, basi. Mimi naona treni ndo sehemu rahisi kuliko zote siku hiyo. Shughuli iko kabla hujapanda na baada ya kushuka.

Nilikuwa Nairobi wiki moja kwa mafunzo ya kazini. Kurudi nikasema Namanga kwa basi sitaki tena, napita Mombasa, nalala Ukunda kwa rafiki yangu, kesho yake navuka Lunga Lunga na Horohoro niko nyumbani.

Tiketi kwanza. Siku ileile niliyofika Nairobi nilinunua laini ya Safaricom kwa pasipoti na nikasajiliwa M-Pesa palepale, na hili namsisitizia Mtanzania yeyote, usije ukategemea M-Pesa ya laini ya kwetu kwamba itakulipia kila kitu kule. Nikaingia tovuti ya reli, nikaweka namba ya pasipoti, nikachagua siku, nikalipa kwenye simu, meseji ikaingia. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, la kwanza 4,500. Treni ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 ya kawaida ilikuwa 700, ikapanda ikawa 1,000, tangu Januari 2024 ndo hii 1,500. Kwa pesa yetu ni kama elfu thelathini hivi, yaani haipishani sana na treni yetu ya Dar kwenda Dodoma. Wikendi na sikukuu zinajaa haraka, nunua mapema.

Treni ziko tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ukiwa mwenyewe na ndo mara ya kwanza, chukua ya asubuhi tafadhali. Inasimama stesheni zote za katikati kwa hiyo inachelewa kidogo kuliko ile ya alasiri, lakini unafika Mombasa kama saa nane mchana, jua lipo, matatu zipo, feri unavuka unaona unapokanyaga. Ile ya saa tisa inakufikisha giza limeshaingia, na wewe bado una safari ndefu mbele.

Kwa nini ndefu? Kwa sababu stesheni zote mbili ziko mbali na mji. Ya Nairobi iko Syokimau, ya Mombasa iko Miritini. Sisi tumezoea ya Dar, unashuka uko katikati ya mji unatembea kwa miguu mpaka Kariakoo ukitaka. Kule hapana. Hapo ndo watu wanapokwama.

Mimi mwenyewe nilikwama. Niliagiza teksi kwa programu ya simu saa kumi na moja na nusu alfajiri, dereva akakubali, nikashuka chini na begi, nikasimama getini dakika kumi na kitu, akaghairi. Nikaagiza wa pili, naye akaghairi. Moyo ulinienda mbio kweli, mji wa watu, giza, na treni haimsubiri mtu. Aliyeniokoa ni mlinzi wa pale nilipofikia, akasema "tulia dada", akampigia kijana mmoja wa teksi anayemfahamu, dakika saba yuko pale. Nikamwambia apite ile barabara ya juu ya kulipia, tozo nikalipa mimi, na kabla ya saa moja niko stesheni. Kwa hiyo usiku wa kabla ya safari ongea na dereva kwa sauti yake, mtu anayefahamika na wenyeji wako, mpatane bei kabisa. Ipo pia treni ya mjini inayotoka stesheni ya zamani pale katikati ya jiji kuwawahisha abiria wa asubuhi, ila na wewe lazima uwe unalala karibu na pale.

Ukaguzi usiuchukulie kirahisi, fika lisaa limoja kabla. Mabegi yanapangwa chini kwa mstari, nyinyi mnarudi nyuma, mbwa wanapitishwa wananusa begi moja baada ya jingine, kimya kabisa, hata watoto wananyamaza wakitazama. Halafu mashine, halafu unachapisha tiketi yako, halafu wanaangalia tiketi na pasipoti tena. Maafisa walikuwa wapole, mmoja aliposikia lafudhi yangu akasema "karibu sana, mnaongea polepole mpaka mtu anapenda."

Ndani kuna usafi, na treni iliondoka saa mbili kamili, sio na dakika mbili. Ni ya dizeli, sio ya umeme kama yetu, lakini inaenda vizuri. Daraja la kawaida viti vinatazamana na meza katikati, upande mmoja watatu upande mwingine wawili, kwa hiyo utakaa mnaangaliana na watu masaa sita, na mimi naona hilo ni zuri kwa anayesafiri peke yake. Mbele yangu dirishani, upande wa kulia, alikaa mama mtu mzima wa Kisauni, kajifunga leso juu ya dera, anatoka kumtazama mjukuu aliyezaliwa Nairobi. Kabla hatujafika Athi River ameshaniuliza kwetu wapi, wazazi wapo, na nimekula nini. Akafungua kibakuli, mahamri na mbaazi. Nilikula nikashukuru Mungu.

Tulipopita Emali akanigusa goti akasema, "Mlima wenu huo, mwanangu." Nikainama dirishani. Kilimanjaro ulikuwa umekaa juu ya mawingu, theluji yake inaonekana kidogo upande mmoja, na chini yake huoni kitu, kama vile haujashikana na ardhi. Nimepita Moshi mara nyingi maishani na sikuwahi kuuona mlima kwa upande ule. Nilikaa nautazama mpaka ukapotea nyuma ya vilima, na sioni haya kusema macho yalilengwa na machozi, wiki nzima nilikuwa nimekumbuka nyumbani. Kwa hiyo ukienda Mombasa asubuhi omba kiti cha kulia, uombe na mbingu ziwe wazi.

Baada ya Mtito Andei ni Tsavo, udongo mwekundu hadi tembo wenyewe ni wekundu, reli imeinuliwa juu na chini wameacha njia za wanyama kupita. Behewa zima lilihamia upande mmoja na simu zao. Stesheni ndogo zote mfanyakazi anasimama wima kwenye jukwaa anaipigia treni saluti, kitu kidogo ila mimi kilinifurahisha. Wa Moshi na Arusha, jueni hili pia, mnaweza kushuka Voi mkachukua gari za Taveta mkavuka Holili, lami tupu.

Miritini tukafika saa nane na dakika chache. Nje madereva wanakuita pande zote, wewe tembea usisimame katikati, nenda mpaka kwenye matatu uulize abiria wenzako, sio makanga, yaani konda. Mimi nilimuuliza makanga. Akaniambia "ferry, ferry, ingia mamangu", nikalipa, akatushusha Mwembe Tayari anasema gari inageuza. Tulikuwa watu kama sita, kila mtu kanyamaza kashuka, nami nikamwambia kwa adabu lakini kwa sauti kwamba nimelipa mpaka feri, anirudishie sehemu. Alinirudishia shilingi hamsini. Sio nyingi ila ni haki yangu, na wala hakuna aliyenigombeza. Nikachukua tuktuk, bajaji zetu hizihizi, mpaka Likoni.

Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure. Unasubiri kwenye banda pamoja na mamia ya watu, geti likifunguliwa umati wote unateremka pamoja kuelekea majini, baiskeli za madafu, wanafunzi, akina mama na ndoo za samaki, na wewe na begi lako. Begi la mgongoni livae kifuani, simu usiitoe, tembea na mwendo wa watu usishindane nao. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini, feri yetu ikaisubiri ipite, na kwa muda ule upepo wa bahari ukanipiga usoni, harufu ya Tanga kabisa. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu.

Ng'ambo matatu za Ukunda zimejipanga, huwezi kupotea, chini ya saa moja barabara ikiwa wazi. Ikitokea umefika usiku usishuke kiholela kwenye kituo cha matatu uanze kutafuta bodaboda, mwambie mwenyeji wako akufuate.

Yule mama wa Kisauni yeye alikuwa anaelekea upande mwingine wa mji kwa hiyo tuliachana Miritini, lakini kabla hajaondoka alichukua simu yangu akaandika namba yake mwenyewe, akasema nikishafika ng'ambo nimpigie. Nilipokaa kwenye matatu ya Ukunda nikampigia. Haikulia hata mara mbili.

"Ushavuka, mwanangu?"

"Nimevuka, mama."

"Haya. Sasa mimi nilale."