Ofisi ya ushauri wa vyuo katika shule ya binti yangu: uzoefu wangu

Binti yangu alimaliza sekondari mwaka 2025 katika shule binafsi ya kutwa karibu na Boston, ambako alilipiwa sehemu ya ada kwa ufadhili, na kwa miezi kumi na sita tulihudumiwa na ofisi ya shule hiyo inayowaongoza wanafunzi katika maombi ya vyuo vikuu. Huduma hii imo ndani ya ada, lakini wazazi wengi tuliotoka Afrika Mashariki huwaachia watoto na walimu.

Nianze na sifa, kwani wanastahili. Mshauri wetu alikuwa na wanafunzi wapatao arobaini, ilhali chama cha kitaifa cha washauri wa shule hapa Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Aliisoma insha ya maombi ya binti yangu, yenye kikomo cha maneno 650, mara tano bila kumwandikia hata sentensi moja. Insha ya kwanza ilihusu umaskini aliouona alipotembelea Tanga, na mshauri alimwuliza kwa upole kama angethubutu kuwasomea binamu zake wa huko. Akaitupa, akaandika jinsi alivyotunza daftari la upatu wa akina mama wa jumuiya yetu akiwa na miaka kumi na minne. Vilevile, vyuo vikuu vya Dartmouth, Brown na Harvard vilipotangaza, kati ya Februari na Aprili 2024, kuwa vinarudisha sharti la SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo, kila mara tuliarifiwa wiki ileile.

Kasoro ilikuwa kwenye fedha. Mshauri alisisitiza tuingie duru ya mapema inayofunga, ambayo mwanafunzi huchagua chuo kimoja, mara nyingi kabla ya tarehe 1 Novemba, na kuahidi kwamba akikubaliwa atakwenda huko na kufuta maombi mengine. Fomu husainiwa na mwanafunzi, mzazi na mshauri. Alituonyesha grafu ya wanafunzi waliotangulia, nukta za kijani kwa waliokubaliwa na nyekundu kwa waliokataliwa, ambazo hazikueleza nani alibebwa na sifa nyingine, kama vile kuwa mpiga makasia hodari au kuwa na baba aliyesoma chuoni hapo. Hakutuambia kwamba aliyejifunga hawezi kulinganisha misaada ya vyuo mbalimbali, wala kwamba anaweza kuachiliwa ikiwa msaada hautoshi; haya niliyapata kwa kusoma fomu yenyewe. Nilipouliza, alijibu kwamba familia nyingi pale hazikutani na suala hilo, na nilimwamini kabisa.

CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa fedha vyuoni, ilipotaka kujua mali zetu, nayo nyumba niliyomjengea mama Muheza ikazua maswali, ofisi haikuwa na la kusema. Nilikiandikia kila chuo barua ya maelezo mwenyewe.

Hatukusaini. Aliomba vyuo tisa katika duru ya kawaida: vinne vilimkataa, viwili vikamweka kwenye orodha ya kusubiri, vitatu vikamkubali, na tofauti kati ya msaada mkubwa na mdogo ilikuwa dola 19,000 kwa mwaka. Hapo mshauri alinishangaza, kwani alikipigia simu chuo alichokipenda binti yangu na kutuelekeza namna ya kuomba hesabu ipitiwe upya, nacho kikaongeza msaada siku nne kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuchagua chuo.

Mdogo wake yumo katika shule hiyohiyo. Safari hii hesabu ya fedha nitaipeleka mimi mezani kwa mshauri, kabla hajatoa orodha yake ya vyuo.