Myers-Briggs au Belbin kwa Timu ya Ofisi Tanga
Katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini Tanga, ambako watu sita hushughulikia nyaraka, wateja na madereva kwa wakati mmoja, dodoso la Myers-Briggs, lililobuniwa Marekani na Isabel Briggs Myers pamoja na mama yake, litampa kila mtu mojawapo ya aina 16 za haiba. Hufungua mazungumzo vizuri, lakini anayelijaza tena baada ya wiki chache huweza kupata aina nyingine. Mfumo wa Meredith Belbin wa Uingereza hutazama mwenendo wa mtu kazini na kumweka katika majukumu 9 ya timu, kama mbunifu au mkamilishaji, na huweza kuwauliza wafanyakazi wenzake pia. Hivyo huonyesha pengo, kwa mfano timu yenye wabunifu watatu bila mkamilishaji wa kuhakiki hati kabla meli haijatia nanga. Ningechagua Belbin, ila si kwa kuajiri.