Miaka mitano ya diwani wetu: tathmini ya mkulima wa korosho

Huduma ninayoitathmini hapa ni uwakilishi wa diwani wa kata yetu, iliyo juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kwa kipindi kilichoanza baada ya uchaguzi wa 2020. Ni huduma ambayo wananchi tunaigharimia, kwa sababu kila kilo ya korosho inayofika ghalani hukatwa ushuru wa halmashauri, na baraza analokaa diwani ndilo linalopanga matumizi ya ushuru huo. Jina lake na la kata sitalitaja. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye mikorosho ya urithi, na nimehudhuria vikao vya baraza la madiwani kila afya iliponiruhusu, nikikaa kwenye viti vya wananchi na daftari langu mapajani.

Mheshimiwa aliomba kura akiwa na msimamo ambao wengi tuliuita wa kihafidhina, na yeye mwenyewe hakuukataa. Alisema mkulima aachiwe senti yake, mzazi atangulie kumbeba mwanawe kabla ya kuililia serikali, kijana ajitume kabla ya kukopeshwa, na kijiji kijilinde chenyewe. Kwa kuwa aliyasema hayo hadharani, katika mikutano ya vitongoji vyote, naona haki ni kumpima kwa mizani yake mwenyewe.

Nianze na makato, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika msimu wa 2007/2008, mkulima wa huku haiuzi korosho yake mkononi. Anaipeleka chama cha msingi, inapimwa, inasafirishwa hadi ghala kuu, inanadiwa, kisha anasubiri fedha benki. Bei ya mnada ikitangazwa, watu hushangilia, lakini wenye uzoefu huuliza kwanza mjengeko wa bei, yaani orodha ya vyote vitakavyotolewa kabla fedha haijamfikia mwenye shamba: ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, usafirishaji, ghala, na ule wa halmashauri. Katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025, ambapo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 ulikuwa shilingi 120 na zaidi kwa kila kilo. Mwenye kilo 600 ameacha kwenye mfuko wa halmashauri shilingi 72,000, kiasi ambacho kwa familia ya kawaida hapa kwetu kinatosha sare na madaftari ya watoto wawili na kinabaki.

Hapa sina budi kusahihisha sifa moja. Nimesikia watu wakisema diwani wetu ndiye aliyeushusha ushuru huo kutoka asilimia 5. Si kweli, na sifa isiyo ya mtu haimsaidii. Ni Bunge lililofanya mabadiliko hayo mwaka 2017, likaweka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, miaka mitatu kabla yeye hajaapishwa. Alichokifanya yeye ni kuzuia mlango wa pili. Ushuru uliposhuka kisheria, halmashauri iliona pengo katika mapato yake, na likaja pendekezo la kuongeza mchango wa elimu wa shilingi 30 kwa kila kilo. Jina lake lilikuwa mchango, lakini ungekatwa kwenye malipo bila mkulima kuulizwa. Diwani wetu alisimama barazani akasema kwamba mchango ni kitu ambacho mtu anaweza kukikataa, na kama hakikataliki basi ni kodi, na kodi inahitaji sheria ndogo iliyojadiliwa na wananchi na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana. Nilikuwepo. Alizungumza bila kupandisha sauti, akiwa na nakala ya sheria ya fedha za serikali za mitaa mkononi, na pendekezo likarudishwa vijijini lijadiliwe.

Lilipofika kijijini kwetu, mama mmoja mjane aliuliza, "Mwalimu, hii shilingi 30 ya elimu ni ya mtoto yupi, maana wangu walishamaliza?" Nilimjibu kwamba ni ya wajukuu zake. Akaniuliza tena ni nani atakayemwonyesha dawati lililonunuliwa kwa fedha yake. Sikuwa na jibu, na nimelibeba swali lile hadi leo, kwa sababu ndilo linaloonyesha mahali ambapo huduma ya diwani wetu imepungua. Pendekezo lilikataliwa, mkulima akabaki na shilingi 30 zake, na hilo nalihesabu kuwa ushindi halali. Lakini zile 120 ambazo tayari zinakatwa kwa sheria hakuzifuatilia kwa bidii ileile. Katika miaka mitano sijaona hata mara moja ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ukiwa na karatasi inayoonyesha ni kiasi gani cha ushuru wa korosho kimetoka katika kata yetu na kiasi gani kimerudi. Niliiomba taarifa hiyo kwa maneno, kisha kwa barua. Mwakilishi anayeamini kwa dhati kwamba fedha ni ya mkulima angekuwa wa kwanza kuuliza imekwenda wapi baada ya kukatwa, maana ile iliyokwisha kuchukuliwa ndiyo yenye kuhitaji mlinzi zaidi.

Mimi ni mtu wa umri wa kukumbuka kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003. Nakumbuka mgambo wakipita alfajiri na wanaume wazima wakikimbilia mashambani kwa kukosa risiti. Ndiyo maana sichukulii kirahisi diwani anayekataa makato mapya. Kuna historia ya fedheha nyuma ya neno ushuru katika vijiji vyetu.

Kuhusu shule, imani yake kwamba mzazi atangulie ilizaa jambo moja jema sana na jingine lililoniumiza. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada na michango ya lazima viliondolewa na serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni, lakini chakula cha mchana kilibaki mikononi mwa wazazi. Shule nyingi hapa zilikaa bila uji, na mtoto aliyetembea umbali mrefu alisinzia kabla ya saa sita. Diwani wetu alipita kijiji kwa kijiji, akiwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, akawashawishi wazazi watoe vitu badala ya fedha: muhogo mkavu, mbaazi, choroko, kila kaya kwa kadiri ya shamba lake. Aliyekosa kabisa hakufukuziwa mwanawe. Walimu wenzangu walio kazini wananiambia mahudhurio ya madarasa ya chini yamebadilika, nami nimeyaona kwa macho.

Aidha, alilisimamia suala la jando na unyago kwa busara ambayo sikuitegemea. Akiwa mtu wa mila, angeweza kuwaachia makungwi na mangariba kila kitu. Aliwaita, akawaketisha pamoja na walimu wakuu, wakakubaliana kwamba watoto waingizwe wakati wa likizo ya Desemba na watoke kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mtu aliyeichukia mila asingesikilizwa katika kikao kile. Yeye alisikilizwa kwa sababu wazee walijua anaiheshimu.

Lililoniumiza ni madarasa. Msimamo wake kwamba wazazi waanze boma, yaani kuta za darasa, na serikali imalizie umekuwa mzuri katika kijiji chenye mikorosho mingi, na mzigo mzito katika vitongoji vya watu wasio na mashamba makubwa. Kuna boma la vyumba viwili lililosimama kwenye linta kwa misimu mitatu, mvua ikilila, kwa sababu wananchi walitoa nguvu yao yote na halmashauri haikuja. Nilitarajia aligeuze boma lile kuwa ajenda ya kila kikao cha robo mwaka. Alilitaja mara mbili.

Ajira ndiko huduma yake ilikokuwa dhaifu kuliko kote, na sitaki kulificha hilo kwa kuwa namheshimu. Vijana wa mkoa huu wamesikia ahadi nyingi. Walisikia ahadi za gesi ya Mnazi Bay, wakaona ghasia za mwaka 2013 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam. Wakaona kiwanda cha saruji cha Dangote kikianza kazi mwaka 2015 na bandari ya Mtwara ikipanuliwa. Vyote hivyo vipo pwani, na kijana wa uwandani anavipata kwa nadra. Njia iliyo karibu naye zaidi ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kisheria kuikopesha bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mheshimiwa aliishuku mikopo hiyo tangu mwanzo, akisema inawafundisha vijana kudai. Ni kweli vipo vikundi vilivyokopa na kutawanyika, na serikali yenyewe iliisimamisha mwaka 2023 kabla ya kuirejesha mwaka uliofuata. Hata hivyo, kikundi cha akina mama wanaobangua korosho katika kata yetu, ambao wana mashine za mkono na soko dogo la Masasi, kilijaza fomu mara mbili bila msaada wowote wa diwani wao. Watu hawa walikuwa wameshajituma kabla ya kuomba, sawasawa na alivyotaka. Korosho yetu nyingi inaondoka ikiwa ghafi, na kila kilo inayobanguliwa hapa ni kazi inayobaki hapa. Kama kuna mahali msimamo wake ulipaswa kumsukuma mbele, ni pale.

Katika usalama sina mengi ya kulalamika. Baada ya wapiganaji kutoka Msumbiji kushambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, Oktoba 2020, hofu ilipanda hadi huku uwandani. Alihimiza daftari la wageni kwa kila balozi wa nyumba kumi na ulinzi wa zamu wakati wa mavuno, na wizi wa korosho mashambani ukapungua. Wanunuzi wa kangomba, wale wanaoinunua korosho ya mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, bado hupita usiku, ingawa kwa kujificha zaidi.

Kama mwalimu, ningempa alama ya juu kwa makato na chakula cha shule, ya wastani kwa madarasa na usalama, na ya chini kwa ajira. Akiomba tena, nitampigia kura endapo ataijibu barua yangu. Nilimwandikia nikiomba mambo mawili: takwimu za ushuru wa korosho wa kata yetu zibandikwe kwenye ubao kila robo mwaka, na fomu ya akina mama wabanguaji ipelekwe na yeye mwenyewe kwa ofisa maendeleo ya jamii. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa ninayo.