Uzoefu wangu na Jackie & Me: tulivyorudi 1947 mimi na mwanangu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza nitaieleza huko mbele, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Kitabu ni Jackie & Me cha Dan Gutman, kilichotoka 1999. Ni kimoja katika mfululizo wa hadithi za watoto kuhusu Joe Stoshack, kijana wa Louisville, Kentucky, mwenye kipaji cha ajabu: akishika kadi ya zamani ya mchezaji wa besiboli, vidole vinamsisimka, na punde anajikuta katika mwaka wa kadi ile. Kurudi kwao anahitaji kadi mpya. Hakuna mashine wala maelezo marefu ya kisayansi, na watoto wanalikubali hilo bila kuuliza. Kwa msioujua mchezo huu, kadi zenyewe ni vipicha vya wachezaji vyenye takwimu zao kwa nyuma. Watoto wa Marekani wanazikusanya na kubadilishana, na za zamani sana zikipatikana huuzwa kwa fedha nyingi ajabu.

Sisi tunaishi Louisville, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi. Watoto wetu wanarudi shule wakiongea besiboli, na sisi wazazi tunabaki kuitikia tu. Hapa mjini kuna gongo la chuma, mfano wa gongo la kupigia mpira wa besiboli, lenye urefu wa mita 36 hivi, limeegemezwa kwenye jengo la makumbusho ya Louisville Slugger, watengenezaji wa magongo hayo. Mwanangu alipogundua kwamba Joe ni mtoto wa mji huu huu, kitabu hakikutoka tena mkononi.

Hadithi inaanza kwa kazi ya darasani. Mwalimu anataka kila mwanafunzi azungumze mbele ya wenzake kuhusu Mmarekani mweusi aliyetoa mchango mkubwa. Joe anamchagua Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa rangi uliowazuia weusi kucheza ligi kuu ya besiboli, na anaamua kwenda kumwona mwenyewe. Anafika 1947, anajitazama, na ngozi yake imekuwa nyeusi.

Hapo ndipo kitabu kinapopata uzito. Mwandishi angeweza kumketisha Joe jukwaani, mtoto wa kizungu anayewahurumia wengine kwa mbali. Lakini kamtumbukiza ndani, na dharau zinamwangukia yeye mwenyewe. Tena ni mtoto aliyekwisha kuonja matusi: mwanzoni mwa kitabu mpinzani wake uwanjani anamkejeli kwa asili yake ya Poland, naye anarusha gongo, ugomvi unazuka, anafungiwa kucheza. Sasa yuko karibu na mtu anayetukanwa kila siku, aliyemwahidi Branch Rickey, bosi wa timu yake, Brooklyn Dodgers, kwamba hatajibu. Mwanangu ana hasira za karibu. Sura hizo alizisoma akiwa amekunja uso, akitaka kujua kwa nini Jackie hampigi mtu. Nilimwambia kwamba angepiga hata mara moja, mlango ungefungwa kwa wote waliokuwa wakisubiri nyuma yake.

Historia yenyewe haihitaji kutiwa chumvi. Tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Jackie alicheza besi ya kwanza, moja ya nafasi za ulinzi uwanjani, akiwa na miaka 28 na namba 42 mgongoni. Kabla ya hapo baadhi ya wachezaji wa timu yake wenyewe walikuwa wameandaa waraka wa kumkataa. Mchezaji mwenzake Pee Wee Reese, aliyekulia Louisville, alikataa kutia saini. Sanamu yake iko nje ya uwanja wa hapa mjini, na watoto hupenda kusikia kwamba jina lake la utani, Pee Wee, lilitokana na mchezo wa gololi. Mwaka ule ule Jackie alipata tuzo ya mchezaji mpya bora. Tangu 1997 namba 42 imestaafishwa na timu zote za ligi kuu, isipokuwa kila Aprili 15 ambapo wachezaji wote huivaa kwa heshima yake.

Sasa ile nyota ya tano. Tulipokaribia mwisho, mwanangu aliuliza, "Mama, kwa hiyo akirudi kwao anakuwa mzungu tena?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi kwake ilikuwa safari tu."

Sikuwa na la kuongeza. Joe anajifunza, tena kwa dhati, lakini mfukoni ana njia ya kutokea. Hadithi yote tunaiona kwa macho yake, na mtoto mweusi anayeisoma anajua tangu ukurasa wa kwanza jambo ambalo Joe anahitaji kadi ya zamani ili alijue. Kwa mtoto wa kizungu nadhani kitabu hiki ni zawadi kubwa. Kwa wa kwetu, mzazi akae naye. Matusi ya kibaguzi yamo humo, na si vizuri akutane nayo peke yake chumbani.

Ukikaa naye, mwongezee na hili: David, mtoto wa mwisho wa Jackie, alihamia Tanzania miaka ya 1980 na akawa mkulima wa kahawa Mbozi. Sisi ni watu wa Mbeya, na Mbozi tunaipita kila tukienda Tunduma. Nilipomwambia mwanangu hivyo hakuniamini mpaka nilipomwonyesha ramani, akafuata barabara kwa kidole toka Mbeya mjini. Tangu hapo Jackie kwake si mtu wa Wamarekani peke yao.

Kiingereza chake ni chepesi, na mtoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili anakimudu. Ndani kuna picha halisi za zamani, na mwishoni mwandishi anatenga yaliyotokea kweli na aliyoyabuni. Kurasa hizo msiziruke. Hakuna haja ya kufuata mpangilio wa mfululizo. Sisi tumeshahamia Satch & Me, ambamo Joe anarudi 1942 kupima kasi ya mpira wa Satchel Paige, mrushaji mashuhuri wa ligi za weusi, walizocheza enzi walipozuiwa kwenye ligi kuu.